Mwenye Ufunguo Huchota Mwisho

Kitenge cha mama kina doa la kutu ambalo halitoki. Nimekifua kwa sabuni ya mawese, nikakifua kwa ndimu na chumvi, nikakianika juani mpaka maua yake yakaanza kufifia, na doa likabaki palepale, upande wa kiuno, lenye umbo la ufunguo. Ukikilowesha na kukisogeza puani, kinatoa harufu ya chuma kilicholala majini. Harufu hiyo ndiyo iliyonikalisha chini wiki hii, mtoto akilia mgongoni, na mimi nikiwa na hasira ya kuchemsha majani ya sombe bila moto.

Nilikuwa nimetoka ofisi ya maji. Nilitaka robine ya maji iingizwe kwenye kiwanja changu, basi, si jambo la kumpigia mtu magoti. Karani ni kijana wa umri wangu, pengine tulikaa shule moja. Aliniuliza bwana iko wapi. Nikamwambia hayuko.

“Haiko namna gani? Amekufa?”

“Hayuko.”

“Bon. Siku atakuwako, mukuye wawili.”

Nyuma ya kichwa chake, ukutani, walikuwa wamebandika maneno ya katiba kwa herufi kubwa, kwamba raia wote wako sawa mbele ya sheria. Nikamwonyesha kwa kidole. Aligeuka akasoma, kweli alisoma, midomo ikitembea, halafu akanirudia kwa upole kabisa: “Ile iko ya ku ukuta, mama.”

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nikafungua sanduku la mama, ambalo sijaligusa tangu tumzike, nikatoa kitenge. Mama alikuwa na mambo ya kumjibu karani kama yule. Hayuko, na mimi nimebaki kuyatafuta ndani ya nguo.

Ninyi mliokua nami katika Kisangani ile ya Wazungu, mnakumbuka jinsi tulivyofundishwa mambo ya mbele na nyuma. Dukani, Mzungu akiingia, unasogea, hata kama mkono wako ulishafika kwenye chumvi. Hospitali, vilevile. Mtu mweusi alikuwa wa mwisho, na kati ya weusi mwanamke, na kati ya wanawake yule asiye na bwana. Kule chuoni, ambako tulisoma Kurani juu ya mbao, mwalimu alimweka mlangoni, nyuma ya wote, mtoto aliyeshindwa sura yake, na kuku walipita juu ya miguu yake wakiingia na kutoka. Mtoto hahitaji kuelezwa zaidi. Nilijua mtu wa mwisho ni nani.

Tulikaa cité ya Tshopo, mtaa wa weusi, karibu kiasi cha kusikia maporomoko ya mto asubuhi kabla watu hawajaanza kelele. Baba alikuwa amepanda boti kwenda Yangambi kufanya kazi kwenye mashamba ya majaribio ya Wazungu. Mwanzoni alituma samaki na salamu, kisha salamu bila samaki, kisha tukasikia amepata nyumba kule na mwanamke ndani yake. Mama hakulia mbele yangu. Alichofanya ni kuhamisha kiti cha baba kutoka sebuleni kwenda jikoni, akakitumia kuwekea masufuria.

Basi tukawa wawili, na jina likatufuata. Ndumba, yaani malaya. Hivyo ndivyo walivyomwita mwanamke yeyote aliyelala nyumba isiyo na suruali kwenye kamba. Mama, mtu wa Kasongo, Mwislamu aliyefunga kichwa hata akisonga lituma ya ndizi, ndumba! Wenzangu hawakukatazwa kwa maneno kucheza nami. Waliitwa tu kila nilipofika. “Fatuma, kuya kula.” “Fatuma, kuya kulala.” Mchana wa saa nane, kulala! Nikajifunza kukaa nyuma ya jikoni letu, mgongo kwenye ukuta wa udongo uliokuwa na joto la moto wa ndani, nikimvisha gunzi la muhindi kipande cha kitambaa. Kutoka pale nilisikia kila kitu kilichofanyika jikoni. Kijiko, kifuniko, kuni ikivunjwa kwa goti. Nilimjua mama kwa masikio zaidi kuliko kwa macho.

Robine ilikuwa kwenye kona ya avenue yetu, ndani ya kisanduku cha chuma chenye kofuli, na ufunguo ulishikwa na mzee mmoja, Papa Feruzi, aliyewekwa na chef wa mtaa. Papa Feruzi alifungua alipojisikia. Wake zake walichota kwanza. Wanawake wakigombana, ni yeye aliyeamua nani ana kosa, na mwenye kosa alikuwa siku zote yule ambaye hajamletea kwanga, mkate wa muhogo. Macho yake yalipoharibika, watoto wake wakaja kumchukua kumrudisha Kindu. Ufunguo ukabaki unaning'inia kwenye msumari mlangoni pake, na chef hakukumbuka kumtafuta mtu mwingine, maana miezi ile wanaume wote walikuwa wamepata wazimu mmoja. Kura. Mikutano, vipaza sauti juu ya malori, kadi za vyama kwenye mfuko wa shati.

Jirani yetu wa upande wa mto alikuwa Mama Bolumbu, Mlokele wa kabila la wavuvi, mwuza samaki wa moshi, mwanamke mwenye mikono kama makasia na mdomo uliofika kabla yake. Bwana wake, Papa Lokwa, alifanya kazi kwenye boti. Siku moja alirudi nyumbani na habari, akaisimulia uani kwetu mbele ya wanawake waliokuja kutwanga sombe.

“Kila mutu atachagua,” alisema. “Unaingia nyuma ya pazia, peke yako, hata chef, hata Muzungu haone. Unatoka. Bwishaa, imeisha.”

“Kila mutu?” Mama Bolumbu aliuliza. “Hata miye?”

“Weye iko mwanamuke.”

“Alors, ule mukono utachagulia, nani anachota mayi ya kuuosha?”

Walicheka mpaka michi ikasimama. Papa Lokwa akaenda zake akitikisa kichwa. Lakini mama hakucheka sana. Nilimsikia kutoka nyuma ya ukuta: “Ule ufunguo wa Feruzi, tunangoja nani?”

Hapo ndipo walipoanza. Hakuna aliyeandika, hakukuwa na kalamu wala mwenye kuitumia. Walisema huku wakitwanga, na jambo likikubalika wote walirudia kwa pamoja.

“Mwenye kushika ufunguo asihukumu magomvi,” mama alisema. “Feruzi alifungua, akahukumu, akakula. Mutu moja, kazi yote yake.”

“Magomvi ahukumu nani?”

“Mwingine. Asiyegusa ufunguo.”

“Na mwenye ufunguo akianza kiburi?”

“Mwezi mupya ukionekana, tunachagua tena.”

“Hata kama anafanya kazi muzuri?”

“Zaidi akifanya muzuri. Ule mubaya mutamukumbuka bila kuambiwa.”

Sauti moja, sitaitaja ya nani, ikauliza polepole: “Na mwanamuke mwenye haiko na bwana?” Michi ikanyamaza. Hata mimi nilishika gunzi langu lisianguke.

“Mayi haiulize bwana,” mama akasema. “Hakuna atakayenyimwa mayi, na hakuna atakayenyimwa ufunguo, sababu bwana iko ao haiko.”

Wakarudia. Nilisikia wakirudia wote.

Mama Bolumbu ndiye aliyeongeza ya mwisho. “Na mwenye ufunguo anachota nyuma ya wote. Hapo tutajua kama anapenda kazi ao anapenda mayi.” Vicheko tena, na wakarudia hilo pia, kwa nguvu kuliko yote.

Miaka baadaye, kule sekondari, mwalimu wa civisme, somo la uraia, alichora ubaoni mabunge na mahakama na serikali, kila moja kwenye kisanduku chake, akatuambia katiba ni kuhakikisha mamlaka yote hayalali mkononi mwa mtu mmoja, na kwamba mwenye kutunga sheria naye anafungwa nayo. Wenzangu waliona ni mambo ya Ulaya. Mimi nilinusa sombe.

Kuchagua walifanya kama Papa Lokwa alivyosimulia. Jikoni kwetu walitundika kitenge mlangoni kama pazia, ndani wakaweka sufuria yenye kifuniko, na pembeni vikapu viwili. Anayemtaka mama, ambaye wao walimwita Mama Aziza kwa jina langu, atie punje ya muhindi. Anayemtaka Mama Bolumbu atie njugu. Wakaingia mmoja mmoja. Mara ya kwanza walipomimina sufuria, kulikuwa na muhindi mwingi na njugu za kuhesabika kwa vidole, na kikapu cha njugu chenyewe kilikuwa kitupu, kimebaki maganda mekundu.

“Ngoja!” Mama Bolumbu alipiga kelele. “Njugu zangu ziko wapi? Nani aliweka njugu za kukaanga? Donc mumekula kura zangu!”

Walikuwa wamezila, kweli. Kila aliyeingia nyuma ya pazia alitafuna kidogo akifikiri. Mwanamke mmoja alijifuta mdomo kwa siri. Mama Bolumbu alicheka mpaka akakaa chini. “Bon, Mama Aziza ashike ufunguo. Lakini mwezi kesho, njugu mubichi, na maganda yake!” Na tangu siku hiyo ikawa hivyo: njugu mbichi, ndani ya ganda.

Mama akafunga ufunguo kwa kamba kwenye kitenge chake, kiunoni. Mwezi ukaonekana, wakamchagua tena. Ukaonekana tena, wakamchagua.

Na mimi? Mimi niliona kilichoonekana. Asubuhi wanawake wote wa avenue wanapanga mabeseni na ndoo, na mama yangu, chuma kikining'inia kiunoni, anasimama nyuma. Anawafungulia, anawatazama wakichota, anawanyoosha wanaosukumana, na beseni letu limekaa peke yake kwenye tope. Moshi ulipanda kutoka majiko yote kabla ya letu. Nilikwenda chuoni uso haujaoshwa, na watoto waliona. Nikaunganisha mambo kwa akili niliyokuwa nayo: baba ametuacha, kwa hiyo wanawake wamekaa jikoni kwetu, wamemhukumu mama, wamemfunga chuma na kumweka mlangoni kama mwalimu anavyowaweka walioshindwa. Na kila mwezi mpya wanarudi, wanatia punje, wanasema: aendelee.

Nilimuuliza asubuhi moja, akinisugua miguu kwa maji kidogo yaliyobaki. “Mama, ulifanya kosa gani?”

“Kosa gani, mwanangu?”

“Mpaka wakakuweka nyuma.”

Alicheka. Kicheko chake kizuri, cha puani. “Kosa la kupendwa,” akasema, akanimwagia maji ya mwisho. Niliona ananificha jambo. Kuanzia siku hiyo nilianza kutembea mbali naye njiani, si sana, hatua chache, watu wasinihesabu pamoja naye. Alinitazama akaniacha. Labda alifikiri ninakua.

Hadi leo sijui upweke wa nani ulikuwa mkubwa zaidi katika nyumba ile, wake au wangu. Tulilala kitanda kimoja, kila mtu na lake.

Kisha akaja Tonton Ramazani, mdogo wake baba, kutoka ng'ambo ya mto, kofia mpya na kadi ya chama mfukoni, kadi yenyewe ikichungulia makusudi. Alisimama uani bila kukaa.

“Shemeji, parcelle hii, kiwanja chote, iko ya kaka yangu. Yeye hatarudi. Sheria haijue mwanamuke peke yake. Weye rudi Kasongo kwa watu wako. Mutoto iko wa ukoo wetu, nitamukamata.”

Mama hakubishana. Alitoka nje mpaka kwenye robine, ufunguo kiunoni, akasimama. Wanawake wakaanza kutoka milangoni na mabeseni yao, ingawa haikuwa saa ya maji. Mama Bolumbu alikuwa na kisu cha kupasulia samaki, anakifuta polepole kwenye nguo. Tonton alivaa kofia yake vizuri akaenda. Alirudi mara nyingine, ikawa hivyohivyo. Ndipo akaelewa kinachomweka mama pale. Haikuwa nyumba. Ilikuwa kile kipande cha chuma. Mwenye ufunguo alikuwa mtu wa avenue nzima, na huwezi kuihamisha avenue nzima kwenda Kasongo. Basi akaenda kwa chef.

Chef alifika alasiri kwa baiskeli, Tonton nyuma yake kwa miguu anatoka jasho. Chef hakuwa mtu mbaya, nasema hivi kwa uchungu, ningependa awe mbaya. Alikuwa amechoka. Wanawake walijaa uani kwetu.

“Nani aliwapa ruhusa ya kuchagua mutu wa robine?” aliuliza.

“Kiu,” Mama Bolumbu akajibu.

Chef alitaka kucheka, akajizuia. “Kuchagua iko mambo ya wanaume, na hata wao bado wanajifunza. Bon. Mimi sina taabu, ufunguo ubaki kwenu. Mambo inaendelea muzuri, nimeona. Lakini aushike mwanamuke mwenye bwana. Shida ikitokea, nimuite nani? Mama Bolumbu iko na bwana, aushike yeye. Mukikatala, mukisema lazima Mama Aziza, alors ninaukamata leo hii na ninamupa Ramazani. Muchague.”

Hata maporomoko yalisikika.

“Upesi,” chef akasema. “Wanaomutaka Mama Aziza wasimame nyuma yake, nione.”

Mama Bolumbu hakungoja. Alitoka kwenye kundi akaenda kusimama nyuma ya mama, akageuka, akawatazama wenzake mmoja mmoja na macho yake makubwa. Na wakaanza. Niliona mguu mmoja ukisogea, na mwingine. Wangekuja. Aibu ingewaleta, na ule uso wa Mama Bolumbu. Chef angeona avenue nzima nyuma ya mwanamke mmoja, na sijui angefanya nini. Sijui! Hilo ndilo linaloniamsha usiku.

Mama akainua mkono. “Rudi,” akamwambia Mama Bolumbu.

“Mama Aziza, acha kichwa ngumu! Wanakuja!”

“Wanakuja sababu unawaangalia. Hii haiko yetu. Yetu iko sufuria.”

Nimeshakasirika na watu wengi katika maisha yangu, lakini hakuna niliyemkasirikia kama mama kwa neno lile. Alikuwa ameshinda. Alikuwa na ushindi mkononi na akauliza kama umepatikana kwa utaratibu.

Alitundika kitenge kingine mlangoni, akaosha sufuria, akaweka vikapu. Chef akakaa kwenye kiti cha baba, kilichotolewa jikoni, akapewa maji. Mimi nikaenda mahali pangu nyuma ya ukuta, hakuna aliyenitazama, hakuna aliyewahi kunitazama pale. Kwenye ufa nilimwona kila aliyeingia na kutoka. Sufuria yenyewe sikuiona. Lakini nilisikia.

Mama Bolumbu aliingia wa kwanza. *Ti.* Kitu kidogo kigumu kwenye sufuria tupu. Punje ya muhindi.

Nikamchukia. Pale pale, kwa moyo wote. Yule anayejifanya rafiki, anayenipa kichwa cha samaki, ndiye anayetaka mama abaki mwisho!

Aliyefuata: *ko.* Ganda la njugu. Nikapumua. Aliyefuata: *ko.* Mwingine alikaa ndani muda mrefu, nikasikia anavuta kamasi, halafu *ko.* Mama yake Fatuma, yule wa kuya kula, kuya kulala, *ko*, naye nikampenda kama shangazi. Baada ya hapo sauti ikawa nzito kidogo, ganda juu ya ganda, *kwa*, *kwa*, na mimi nyuma ya ukuta nikiomba zaidi, zaidi, mfungueni.

Mama aliingia wa mwisho, kama kawaida yake. Alisimama bila kusogea. Nilisikia mkono wake ukiingia katika kikapu, nikajua pumzi yake. Kisha *kwa*. Ganda juu ya maganda.

Nilifurahi. Nikawaza, hata yeye amechoka.

Chef alimimina sufuria kwenye ungo mbele ya wote. Njugu, njugu, njugu, na katikati yao punje moja ya muhindi, ya njano, imejitenga kama jino. Mwanamke mmoja akanong'ona kwa huruma kabisa: “Maskini, amejichagua mwenyewe.”

Tonton akacheka kwa sauti. Wengine wakainamisha vichwa. Mama Bolumbu aliangalia ile punje, akaangalia mama, akafungua mdomo. Mama akatikisa kichwa kidogo sana, kama mtu anayemfukuza inzi, na Mama Bolumbu, ambaye sijawahi kumwona akishindwa kusema, akafunga mdomo. Wale wawili walijua. Wengine wote waliondoka pale wakiamini kwamba Mama Aziza ameachwa na kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Siri ya kura ilikuwa na tundu moja, na tundu lenyewe lilikuwa mimi, niliyesikia kila kitu na kuelewa kinyume chake.

Mama akafungua kamba kiunoni. Ilikuwa imekaza kwa maji, ikambidi atumie meno.

Msiniambie wanawake wale walikuwa wabaya. Waliogopa kurudi kwa Feruzi mwingine, na maji ni maji. Mama mwenyewe alitia njugu kwa sababu hiyohiyo. Robine ilibaki mikononi mwa wanawake, magomvi yakahukumiwa na asiye na ufunguo, mwezi mpya walichagua, kila kitu kikaendelea vizuri sana. Sheria moja tu waliiacha ianguke, ile ya bwana iko ao haiko, na katika avenue nzima sheria hiyo ilikuwa ya mtu mmoja. Haikumgharimu mwingine hata kikombe. Hapo ndipo ninapotaka kumshika yule karani shati. Katiba haipimwi na watu wengi waliosimama pamoja. Wengi wana njia zao. Inapimwa na yule aliyebaki peke yake katikati ya uwanja, kama sheria itakuja kusimama naye au itabaki ku ukuta.

Kabla mvua hazijaisha Tonton alichukua kiwanja. Hakuna aliyetoka na beseni. Mimi sikuchukuliwa, maana mama alinifunga mgongoni, mtoto mkubwa wa kwenda chuoni, akanibeba mbele ya watu wote mpaka chumba cha kupanga upande wa pili wa cité, ambako robine ilifungwa na mwanamume. Mama Bolumbu alikuja kutuona mara kwa mara, na samaki. Nilikataa kula samaki wake. Nilimgeuzia mgongo mpaka nikawa msichana mkubwa, na hakuniuliza sababu. Alipokufa nilikuwa nimeshaanza kuelewa, lakini nilikuwa bado sijamwambia.

Lakini asubuhi ile, kesho yake baada ya sufuria, yote hayo yalikuwa bado. Ilikuwa saa ya maji. Mama aliamka mapema, akachukua beseni, nami nikamfuata karibu, karibu kabisa, nimeshika kitenge chake pale palipokuwa na ufunguo, pakiwa bado na unyevu na kutu. Mama Bolumbu alikuwa kwenye robine, chuma kiunoni mwake. Alipotuona akasukuma ndoo za watu kwa mguu.

“Mama Aziza, pita mbele.”

“Nimekuta watu,” mama akasema, akaweka beseni letu kwenye mstari, nyuma ya aliyetangulia. Nyuma yetu akaja mwingine, na mwingine. Tulikuwa katikati. Mbele ya wengine! Maji yakaingia kwenye beseni letu yakiwa bado na kelele za asubuhi, na nyuma, peke yake, wa mwisho kabisa, alisimama Mama Bolumbu. Nikafurahi nilivyomwona hapo.

Niliruka kwenye tope. Nilipiga makofi, jamani. Nikawachekea wanawake wote, mmoja mmoja, nikiwashukuru kwa meno yote niliyokuwa nayo, nao walitazama pembeni.

“Mama! Leo hawakukuweka nyuma!”

Mama alijitwisha beseni. Maji yakamwagika kidogo, yakamshuka usoni, akayaacha yashuke.

“Ee, mwanangu,” akasema. “Leo niko kama watu wote.”